Pengo

Barua zilikuja tatu, zote usiku,
maana kwao ndiyo mchana.
Nyemo alizisomea kwenye simu yangu yenye ufa,
mimi bado nanuka mashudu,
mashine nimeizima, Kibaigwa imelala,
isipokuwa malori ya mahindi na mbwa wa sokoni.

Ya kwanza ilitoka chuo chenye jina.
Hata fundi Chidawali, asiyejua Marekani iko upande gani,
alilijua: "Si kile cha kwenye filamu?"
Ndicho. Na wamempa karibu vyote.
Karibu:
neno tunalompa mgeni mlangoni
safari hii lilisimama mlangoni likatuzuia.

Kilichobaki, waliandika, familia itaziba:
dola elfu nne na mia mbili kwa mwaka.
Nikageuza risiti ya alizeti, nikapiga hesabu nyuma yake.
Milioni kumi, laki tisa na elfu ishirini.
Ndoo ya mafuta, elfu sabini.
Ndoo mia na hamsini na sita,
na hapo sijala, sijalipa umeme,
sijamnunulia Mbijima sare.
Kisha mara nne.

Mbijima, wa darasa la pili, alitucheka,
meno mawili ya mbele hana.
"Pengo ndilo linawaliza? Mbona langu haliumi?"

Fomu ilikuwa imetuhoji tangu Novemba:
nyumba ina thamani gani,
magari mangapi,
akiba ya uzeeni ya baba.
Baba amelala Mlali, kaburi halijajengewa.
Nyemo akaandika sifuri.
Kompyuta ya pale stesheneri ikakataa:
weka namba kubwa kuliko sifuri.
Akaweka moja.
Ndiyo mali yetu rasmi huko ng'ambo. Dola moja.

Chuo cha pili kilituma picha.
Majani mekundu, vijana wanacheka chini ya miti,
hakuna anayefua, hakuna anayekula,
hakuna hata mmoja aliyekunja uso.
"Nani anapika hapo?" mama aliuliza,
akanirudishia simu
kama mtu anayerudisha kitenge dukani
baada ya kukisugua na kuona kinachuja.

Mama hakuuliza habari za shahada.
Aliuliza: Krismasi, mabweni yakifungwa,
mtoto wa watu anakwenda wapi?
Tulicheka.
Baadaye Nyemo akaliandika swali vilevile, akalituma kote.

Chenye jina kilituma kiungo cha kubofya.
Cha picha kilinyamaza.
Cha tatu, kidogo, katikati ya mashamba ya mahindi,
ambacho nilipokitaja gulioni
walidhani ni dawa mpya ya panya,
kilijibu kwa mkono wa mtu. Bi Lorna.
*Bweni moja halifungwi. Ufunguo wa jiko ninao mimi, nitampa.*
*Baridi ni kali, aje na soksi; koti tutalitafuta hapa.*
Na kwenye karatasi yao, penye pengo, hapakuwa na kitu.

Bado alilia, niseme kweli.
Siku mbili alilitamka lile jina kubwa
polepole, kama mtu anayelamba sukari guru
aliyopewa aonje tu.
Nami usiku nilirudia hesabu,
nikaiuza mashine kichwani mara mbili.
Ndoo hazikufika.

Jumapili, umeme umekatika,
aliketi juu ya gunia la mashudu akaandika:
*Asanteni sana. Sitakuja.*
Akanipa nitafute makosa.
Nilisoma mara tano. Kosa sikuliona,
nilikuwa nalitazama tu lile neno,
maana kwetu, tangu tuanze kupanga foleni,
sikumbuki aliyewahi kumwambia mkubwa
hapana, asante.

Betri asilimia nne.
"Nitume?"

Tuma.